Maji ya dumu lako yana klorini?

Bila shaka umemwona mhudumu bombani akitia kidonge kwenye maji, yakageuka rangi ya waridi. Kidonge hicho si dawa. Maji hayo hayanywewi. Kinapima klorini iliyobaki: rangi ikikolea, ni nyingi, isipotokea, hakuna. Bombani hutakiwa angalau miligramu 0.2 kwa lita.

Lakini klorini hupungua maji yakikaa, na dumu chafu huimaliza upesi. Mwaka 2013, katika kambi za Sudan Kusini, watafiti waliona maji yenye klorini bombani yakiishiwa nayo majumbani baada ya saa kadhaa.

Kwa hiyo mpimaji akibisha hodi, mpe maji unayokunywa, hata ya jana. Ukimpa yaliyotekwa sasa hivi, ataandika kuwa yote ni salama, na klorini ya tangini haitaongezwa hata kipindupindu kikikaribia.