Vipimo vya Damu na Ugonjwa wa Neva ya Jicho: Namba Inazungumzia Nini?

Mfano huu si mgeni katika kliniki za macho. Mwanamume aliye kwenye dawa za kifua kikuu anafika akieleza kwamba kwa wiki tatu maandishi ya simu yamekuwa yakififia, jicho la kulia sawa na la kushoto, na kwamba sokoni hawezi tena kutofautisha nyanya mbivu na mbichi kwa rangi. Macho hayamuumi. Mkononi ana karatasi ya maabara yenye ESR ya milimita 85 kwa saa, na pembeni mtu ameandika kwa kalamu: inflamesheni ya neva ya jicho, apewe prednisoloni.

Namba hiyo ni ya kweli, ila yaelekea imetoka mapafuni, si jichoni. Kinachomwondolea nuru, kwa uwezekano mkubwa, ni ethambutoli, dawa muhimu ya kifua kikuu ambayo kwa wagonjwa wachache huidhuru neva ya optiki, hasa dozi ikiwa kubwa au figo zikiwa dhaifu. Hatua ya kwanza ni daktari kuisimamisha dawa hiyo moja na kuzipanga upya zilizobaki. Steroidi haitamsaidia, na kila wiki inayopotea hupunguza matumaini ya kuona kurudi.

Neva ya optiki hubeba picha kutoka retina hadi ubongoni. Unene wake ni milimita chache tu. Hata ikipata inflamesheni, yaani mwitikio wa kinga ya mwili unaoleta uvimbe na maumivu, sehemu iliyoathirika ni ndogo mno kuweza kubadili damu ya mwili mzima. Ndiyo sababu mgonjwa wa nyuraitisi ya optiki ya kawaida, kijana ambaye jicho moja limefifia ndani ya siku chache na linauma analipogeuza, mara nyingi huwa na ESR na CRP zisizo na dosari. Majibu mazuri ya maabara hayamaanishi kwamba jicho ni zima.

ESR yenyewe hupima jambo jepesi: umbali ambao chembe nyekundu za damu hutuama kwa saa moja katika mrija uliosimama wima. Mwili unapopambana na ugonjwa, ini huongeza protini, hasa faibrinojeni, ambazo huzishikamanisha chembe hizo kama sahani zilizopangwa, nazo zikazama upesi. Alf Westergren wa Sweden aliieleza njia hiyo mwaka 1921, na bado inatumika. Lakini kila kinachozigusa chembe nyekundu huyagusa majibu. Upungufu wa damu huyapandisha, ujauzito pia. Selimundu huyashusha, kwa kuwa chembe zenye umbo la mundu hazipangiki. Mgonjwa wa selimundu anaweza kuwa na ESR ndogo huku mwili ukiwaka. Mrija ulioinama kidogo au chumba chenye joto kali hutoa namba kubwa kuliko inavyostahili. Umri nao huhesabiwa: kwa mwanamume, kikomo cha kawaida hukadiriwa kwa kugawa miaka yake kwa mbili, kwa mwanamke, huongezwa 10 kabla ya kugawa. Bibi wa miaka 70 mwenye ESR ya 38 hana la kushtua.

CRP, protini iliyogunduliwa mwaka 1930 na William Tillett na Thomas Francis huko New York katika damu ya wagonjwa wa nimonia, haiyumbishwi na upungufu wa damu. Hupanda ndani ya saa chache na hushuka upesi ugonjwa unapotulia.

Upo ugonjwa mmoja ambao vipimo hivi viwili husaidia kuokoa jicho: ateraitisi ya chembe kubwa. Humpata mtu aliyevuka miaka 50, mara nyingi zaidi ya 70. Kichwa humuuma upande wa kipajini, taya huchoka anapotafuna, hata kuchana nywele ni adha; kisha jicho moja huzima ghafla. Ni nadra kwa Waafrika kuliko kwa watu wa Ulaya ya Kaskazini, lakini nadra si kutokuwapo. ESR, CRP na chembe sahani zikipanda pamoja, shaka huwa nzito. Damu ichukuliwe na steroidi ya dozi kubwa ianzwe siku ileile, bila kungoja majibu wala kipande cha mshipa wa kipajini kitakachopimwa baadaye, kwa maana jicho la pili laweza kufuata ndani ya siku chache. Wagonjwa wachache huwa na vipimo vyote viwili vya kawaida. Dalili zikiwa wazi, namba isizipinge.

Kipimo kinachoihusu neva moja kwa moja ni kile cha kingamwili. Mwaka 2004 watafiti wa Mayo Clinic nchini Marekani, akiwamo Vanda Lennon, walieleza kingamwili ambayo mwaka uliofuata ilijulikana kuwa inashambulia protini ya akwaporini-4. Ugonjwa wake hupofusha, hurudi, na waweza kupooza miguu. Wenye asili ya Afrika huathirika zaidi. Nyingine hushambulia protini ya MOG. Vipimo hivi ni ghali na havipatikani kila mahali, hivyo viombwe kwa mwenye dalili nzito: macho mawili kwa pamoja, kuona kusikorudi, kwikwi au kutapika kusikokoma. Vile vya kaswende na VVU, vilivyo rahisi, visisahauliwe.

Siku hizi husifiwa pia uwiano wa neutrofili na limfosaiti, unaopatikana bure katika hesabu ya kawaida ya damu. Sifa hizo zimetangulia ushahidi. Isitoshe, prednisoloni pekee hupandisha neutrofili na kushusha limfosaiti, na wagonjwa wengi hufika wakiwa wamekwisha kuimeza.

Dar es Salaam ina kumbukumbu yake katika suala hili. Kuanzia mwaka 1988 madaktari waliona vijana wakipoteza uwezo wa kuona katikati, macho yote mawili, bila maumivu, na baadhi yao wakiwa na ganzi miguuni. Picha hiyo ilielekeza kwenye lishe au sumu kuliko inflamesheni. Waliofaa kuulizwa walikuwa wagonjwa wenyewe: wanakula nini, wanakunywa nini, wanatumia dawa gani?

Mgonjwa anayefifiwa na macho na aje na dawa zake zote, za hospitali na za mitishamba, na aseme ni jicho lipi lilianza na kama lilimuuma. Wa kifua kikuu asiache dawa kwa uamuzi wake mwenyewe. Arudi kliniki siku hiyohiyo. Nao wahudumu wampime uwezo wa kuona na wa kutambua rangi kabla ya kidonge cha kwanza cha ethambutoli, wayaandike majibu katika kadi yake, na wampime tena kila mwezi anapofuata dawa.