Seva ya bure ina saa zake: Hesabu kabla ya kutoa kadi

KWA wafanyabiashara wanaovuka Ziwa Mweru kati ya Kilwa na Nchelenge, neno "bure" si geni. Bando la zawadi la simu hufika saa sita usiku likafa, hata kama hujaligusa.

Sasa baadhi ya vijana waliorudi kutoka Zambia wanawashawishi wauza chisense waweke bei na daftari la madeni kwenye seva za kukodi kupitia intaneti, kwa kuwa mwanzo hazilipiwi. Ni kweli, lakini bure hiyo ina mipaka ya siku, ya pesa na ya saa za mashine, na unaofika kwanza ndio unaofunga mlango.

Google Cloud humpa mteja mpya dola 300 za kutumia ndani ya siku 90. Microsoft Azure hutoa dola 200 kwa siku 30. Amazon, kwa akaunti zilizofunguliwa kuanzia Julai 15, 2025, hutoa dola 100, na nyingine hadi 100 kwa anayekamilisha kazi fulani, kwa muda usiozidi miezi sita. Kwa kawaida namba ya kadi ya benki hudaiwa mapema.

Siku ndizo zinazoponyoka. Upande wa Zambia uvuvi hufungwa kuanzia Desemba 1 hadi mwisho wa Februari. Jumlisha 31, 31 na 28, unapata 90. Atakayefungua akaunti ya Google Desemba 1 atamaliza majaribio nyavu zikiwa zimeanikwa. Sisi tuliosoma kambini Kala tunajua kadi ya mgao iliyopitwa na tarehe.

Tuje kwenye saa. Mpango wa zamani wa Amazon ulitoa saa 750 kwa mwezi. Mwezi wa siku 31 una saa 744, hivyo mashine moja ndogo ilikesha mwezi mzima. Ukiwasha mbili, saa ziliisha siku ya 16. Dola za majaribio nazo huliwa hivyo hivyo: mashine iliyowashwa huhesabiwa hata kama hakuna anayeitumia. Ukiizima, diski yake bado inalipiwa.

Google ina pia mashine ndogo isiyo na tarehe ya mwisho, lakini ikiwekwa Oregon, Iowa au South Carolina tu. Ukichagua Johannesburg, iliyo karibu nasi zaidi, unalipa.

Majaribio yakiisha, Google husimamisha mashine na kukupa siku 30 za kuamua. Amazon hufunga akaunti ya bure na kutunza data kwa siku 90. Aliyekwisha kuhamia akaunti ya kulipia hafungiwi kitu, ankara huendelea kuja.

Kwa hiyo andika tarehe ya mwisho kwenye jalada la daftari la karatasi, na kila Ijumaa nakili madeni kwenye flashi.