Kitabu Nacho Hupigwa Bambo



Mnunuzi wa maharage pale kwetu Gairo hatoi fedha kwa kutazama mdomo wa gunia. Hulipiga bambo, akachota punje za katikati na za chini, aone kama ni zilezile za juu. Nimekua nikiyaona hayo, lakini niliyasahau siku niliyonunua kitabu cha falsafa.

Nilikuwa Dar es Salaam, mbele ya vitabu vilivyotandazwa kando ya barabara. Nikaona kitabu cha John Mbiti wa Kenya juu ya dini na falsafa za Kiafrika, kilichotoka mara ya kwanza mwaka 1969. Bei ilikuwa ya mtumba, nikalipa upesi. Basi lilipopita Morogoro nikafungua sura ya wakati, ambamo Mbiti anatumia maneno yetu, Sasa na Zamani, kueleza kwamba katika fikra za jadi za Waafrika wakati ujao wa mbali ni kama haupo. Kurasa zilikuwa zimechanwa! Nikabaki na hitimisho bila hoja zake. Wako waliompinga Mbiti, kama Kwame Gyekye wa Ghana. Mimi sikuweza kumpinga wala kumuunga mkono.

Sisemi mtumba ni mbaya. Kitabu cha sheria za kodi huchacha, cha falsafa hakichachi. Plato aliandika zaidi ya miaka 2,300 iliyopita, na nakala chakavu humsema sawasawa na mpya. Ila kipige bambo. Fungua katikati na mwisho, uone kurasa zinafuatana. Tazama ni toleo la ngapi, maana mwandishi huweza kurekebisha hoja zake. Kama ni tafsiri, tazama nani kaifasiri. Maandishi ya kalamu pembeni yasikutishe. Huenda msomaji aliyetangulia akawa mwalimu wako wa bure.

Hata hivyo, upo wakati wa kununua kipya. Mrabaha wa mwandishi hutoka katika nakala mpya. Mtumba ukiuzwa mara kumi, yeye hapati hata senti. Na vitabu vya Kiswahili vinavyotufikirisha kifalsafa si vingi: Nagona (1990) na Mzingile (1991) vya Euphrase Kezilahabi, au Ziraili na Zirani (1999) cha William Mkufya. Sote tukingoja mitumba, mchapishaji atapata wapi sababu ya kuchapa tena? Na hiyo mitumba itatoka wapi, wakati kila mtumba ulianza ukiwa mpya?

Baadaye nilimnunua Mbiti mara ya pili, safari hii dukani, akiwa mpya. Nikazipitia kurasa moja moja mbele ya muuzaji. Akacheka, akaniuliza kama simwamini.

Nikamjibu, "Nakuamini, ndugu yangu. Ila mimi natoka Gairo."