Umewalisha, hukuwaangalia



Nyuma ya jiko la nyumba ya mapadre ninapoishi ipo ndoo yenye matundu, imefunikwa kwa gunia lenye unyevu. Humo nafuga nyungunyungu wekundu, wageuze mabaki ya jikoni kuwa mboji. Mama anayetupikia alipoiona mara ya kwanza aliniuliza, “Baba Paroko, kwani kuku wameisha duniani?”

Nilicheka. Lakini mwezi huohuo nyungunyungu wote walikufa. Niliwajazia wali wenye chumvi na maganda ya malimao, kisha ndoo nikaiacha juani. Kiumbe huyu hana mapafu. Hupumua kwa ngozi, na ngozi hiyo lazima iwe na unyevu. Jua humkausha, chumvi humuua. Kijana aliyenipa mbegu alichungulia ndani, akasema taratibu, “Baba, umewalisha sana, lakini hukuwaangalia.”

Neno lile lilinichoma. Miaka michache nyuma, kijana huyohuyo alikuja ofisini kwangu akiwa amezama katika ulevi. Nilimpa mahubiri ya saa nzima, nikampa nauli, nikafunga mlango. Sikumuuliza hata analala wapi. Aliyemwinua ni bibi mmoja wa jumuiya ndogondogo, aliyemkatia kipande cha bustani yake alime, na kila jioni akapita kumjulia hali.

Charles Darwin, mwanasayansi wa Uingereza, naye alifuga nyungunyungu nyumbani kwake, ndani ya vyungu vyenye udongo. Mwaka 1881, miezi michache kabla ya kufa, alitoa kitabu kizima juu yao. Hawana macho wala masikio, lakini aliwaangalia kwa subira hata akaona jinsi wanavyougeuza udongo unaotulisha. Mzee mwenye jina kubwa hakuona aibu kuinama.

Na Mungu je? Katika Zaburi ya 22, ambayo Yesu aliisali msalabani, mteswa anajiona si kitu zaidi ya mdudu. Bwana wetu alishuka mpaka hapo.

Nimeanza upya. Sasa natia maganda ya ndizi na majani ya chai kidogokidogo, na kabla ya kuongeza nafunua gunia, naangalia. Mboji ya kwanza nilimpelekea yule bibi. Kijana nilimwomba msamaha.

Nyumbani kwako leo, yupo unayemlisha bila kumwangalia?

Dominika njema.