Germantown Ndani ya Mchezo wa Kompyuta



Wahenga walisema: ukiona vyaelea, vimeundwa. Mwezi huu tumeonelea tuzungumzie michezo ya kompyuta, jambo ambalo sisi tuliofundisha kwa chaki na ubao tulikuwa tukilitazama kwa dharau. Kisa ni kwamba mji wetu huu wa Germantown umo ndani ya mchezo mmoja, tena umo ukiwa magofu.

Mchezo huo ni Fallout 3. Uliundwa na Bethesda, kampuni iliyoanzishwa mwaka 1986 na yenye makao yake Rockville, jirani zetu wa barabara ya 270, ukatolewa Oktoba 2008. Unasimulia hali ya Washington na vitongoji vyake baada ya vita vya nyuklia. Germantown yetu imebaki kituo cha polisi kilichobomoka, kinachokaliwa na majitu yaliyoshika mateka. Wazazi wafahamu kwamba mchezo huu una mauaji mengi, na umewekewa daraja la miaka 17 na kuendelea.

Mjukuu wetu ametimiza umri huo. Ni kijana mwema, ila kwa muda mrefu tulipomsemesha Kiswahili alitujibu Kiingereza, na kwa maneno machache. Tulikwisha kukata tamaa.

Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilikomesha huduma ya kawaida ya Windows 10, na kompyuta yetu kuukuu haikuweza kupokea toleo la 11. Tuliiweka mlangoni tayari kutupwa. Mjukuu akaizuia. Akaiwekea Linux, mfumo ulioanzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, wakati huo mwanafunzi huko Helsinki, na ambao hupatikana bila malipo. Aina aliyoichagua huitwa Ubuntu, jina litokalo kusini mwa Afrika, nalo ndilo utu wetu.

Lakini mchezo ulioundwa kwa Windows hauzungumzi lugha ya Linux. Panahitajika mkalimani. Programu iitwayo Wine, iliyoanza mwaka 1993, hupokea maombi ya mchezo na kuyafikisha kwa Linux kwa namna inayoeleweka. Proton, iliyotolewa na kampuni ya Valve mwaka 2018, imejengwa juu ya Wine hiyo. Sisi tuliowahi kuketi hospitalini baina ya daktari na mama asiyejua Kiingereza tulilielewa jambo hilo mara moja.

Kuucheza mchezo ni jambo moja. Kuurekebisha ni jingine. Marekebisho hayo, ambayo vijana huyaita modi, hubadili picha, maneno, hata visa. Mjukuu alitaka kubadili tangazo moja la ukutani. Alilifungua kwa programu ya kuchorea iitwayo GIMP, akafuta Kiingereza chake, akaandika: "Mgeni njo, mwenyeji apone." Tulimsahihisha: ni njoo, si njo. Akauliza, kwa Kiswahili, "Babu, kwani mwenyeji anaumwa nini?" Jibu letu lilituchukua jioni nzima, maana ilitubidi tumweleze jinsi sisi wenyewe tulivyofika hapa, na nani alitupokea.

Hata hivyo tangazo halikuonekana. Alihangaika siku tatu. Sababu zilikuwa mbili. Ya kwanza, mchezo hupendelea picha zilizofungashwa katika makasha yake. Ili upokee za nje, yapasa faili ya mipangilio, Fallout.ini, iandikwe bInvalidateOlderFiles=1. Ya pili ilikuwa herufi. Windows huliona jina Textures na textures kuwa folda moja. Linux huziona mbili. Modi mbili alizoziweka zilikuwa zimezaa folda mbili, na mchezo ukasoma moja tu. Kosa hilo tuliligundua sisi, kwani herufi kubwa na ndogo ndizo tulizozisahihisha maisha yetu yote. Akaziunganisha folda, akaanzisha mchezo upya.

Methali ikatokea. Tena, kwa kuwa picha ile ile hutumiwa mahali pengi, ilitokea ukutani baada ya ukuta, katika magofu ya mji mkuu wa Marekani, kwa Kiswahili sanifu. Tulicheka mpaka bibi yake akatoka jikoni.

Kwa hiyo, wazazi wenzetu, msiharakishe kuitupa kompyuta ya zamani. Mwekeni kijana aihifadhi kwanza nakala ya faili zake, kisha ajaribu Linux. Na akiwa amejifungia na mchezo wake, msimpigie kelele kutoka sebuleni. Vuteni kiti, mmwulize anaunda nini. Wetu sasa anatafsiri tangazo la pili, na jana usiku alikuja kugonga mlango wetu kuuliza "magofu" huandikwaje katika umoja.