Thamani ya Askari Haimo Begani

Kazi chache humpa mtu alama za thamani yake waziwazi kama kazi ya silaha. Cheo cha askari kimeshonwa begani, na kila apitaye hukisoma. Kwa sababu hiyo askari asiyepandishwa cheo kwa miaka mingi, au aliyepelekwa kulinda mahali pa mbali, au anayekaribia kustaafu, huingiwa na shaka upesi. Hujiuliza usiku akiwa zamu: Je, mimi ni nani, na nina faida gani?

Ndugu askari na polisi wa Gitega na Muyinga, swali hilo si la aibu. Hatari imo katika jawabu. Wako wanaolijibu kwa pombe. Wako pia wanaotafuta ukubwa wao kwa kumfanya mdogo raia aliyesimamishwa barabarani au mfungwa aliye mikononi mwao. Imani ya Kikristo inalo jawabu jingine, na katika nchi yetu wapo waliolishuhudia kwa maisha yao.

Mmoja wao ni Padre Michel Kayoya, aliyezaliwa Kibumbu mwaka 1934. Burundi ilipata uhuru tarehe 1 Julai 1962, lakini vijana wengi waliosoma walikuwa wamefunzwa, pamoja na elimu, kuwadharau wazazi wao na hata kujidharau wenyewe. Katika kitabu chake Sur les traces de mon père, maana yake Katika Nyayo za Baba Yangu, Padre Kayoya aliikabili fedheha hiyo. Alirejea kwenye mwenendo wa wazee, katika yale ambayo Warundi huyaita ubuntu na ubupfasoni, yaani utu na heshima ya mwenendo. Imani yake haikumtaka ayatupe hayo. Ilimthibitishia kwamba kila mtu ameumbwa kwa mfano wa Mungu, na hakuna mtawala awezaye kumpa mtu thamani hiyo wala kumnyang'anya.

Mwezi Mei 1972 Padre Kayoya aliuawa Gitega, katika mauaji makubwa yaliyoikumba nchi mwaka ule. Mwanzoni mwa mwaka 2020 Tume ya Ukweli na Maridhiano ilifukua makaburi ya pamoja huko Karusi, karibu na mto Ruvubu, ikatangaza kwamba imepata mabaki ya watu zaidi ya 6,000. Walioshika bunduki siku zile walikuwa na sare na vyeo. Walichokosa ni kumtambua mtu aliyesimama mbele yao.

Wala ukatili haukuwa wa upande mmoja. Mwezi Julai 1996, huko Bugendana, wakimbizi wa ndani zaidi ya 300 waliuawa. Askofu Mkuu wa Gitega, Joachim Ruhuna, aliyalaani mauaji hayo hadharani. Tarehe 9 Septemba mwaka huohuo yeye mwenyewe aliviziwa njiani, akauawa.

Maji ya Ruvubu hupita pia katika nchi ya Muyinga. Mwaka 2006 miili ya raia waliokuwa wamekamatwa Muyinga ilionekana ikielea mtoni humo. Mwaka 2008 mahakama ya kijeshi iliwatia hatiani wanajeshi kwa mauaji hayo. Yafaa kila askari aikumbuke hukumu ile. Sheria ilisema kwa njia yake jambo lilelile lisemwalo na imani: mtu aliye kizuizini hajapungukiwa na utu wake hata kidogo.

Injili yenyewe inawajua askari. Askari walipomwendea Yohana Mbatizaji na kumwuliza la kufanya, hakuwaamuru wavue sare. Aliwakataza kumdhulumu mtu na kumsingizia, akawataka watosheke na mshahara wao. Katika Kapernaumu, akida aliyekuwa na askari chini yake alimwombea mtumishi wake mgonjwa, akakiri kwamba hastahili Bwana aingie nyumbani mwake. Yesu aliistaajabia imani yake. Huyu ni mtu aliyejua uzito wa amri, lakini hakuuona mkubwa kuliko uhai wa mtumishi. Aliungama kutostahili kwake bila kujidharau, kwa kuwa alitegemea rehema na hakutegemea cheo.

Jeshi la leo ni shule ya imani hiyo. Baada ya Mapatano ya Arusha ya tarehe 28 Agosti 2000, waliokuwa wakipigana waliingizwa katika jeshi moja na polisi moja, na Katiba ya mwaka 2005 ikaweka kwamba kabila moja lisizidi nusu ya vikosi hivyo. Watu waliowahi kulengana bunduki wakawa wanalala bweni moja. Askari wa namna hiyo hawezi kuijenga thamani yake juu ya ushindi wa upande wake. Hana budi kuijenga juu ya kitu ambacho jirani yake wa kitanda cha pili anacho vilevile. Na askari wenzenu Waislamu nao hufundishwa kwamba Muumba amemtukuza mwanadamu.

Wapo wanaosumbuliwa na shaka iliyo nzito zaidi, kwa sababu ya yale waliyoyaona au waliyoyatenda vitani. Hao wasinyamaze peke yao. Wamwendee kasisi, au mchungaji, au mwenzao wanayemwamini, waseme. Petro alimkana Bwana wake mara tatu, na bado alikabidhiwa kondoo awalishe. Toba haifuti ukweli, wala haimwondolei mtu wajibu mbele ya sheria. Lakini humrudishia nguvu za kuinua uso.

Ndugu askari, siku moja utazivua alama za begani na kuzirudisha ghalani. Utakalobaki nalo ni lile ulilozaliwa nalo kilimani kwenu, kabla hujapewa namba. Raia atakayekuja kesho kwenye kizuizi chako, akikunyoshea kitambulisho kwa mkono unaotetemeka, amelileta lilelile.