Bomba la moshi Gihosha: nguvu hupotelea kwenye kona

Ukitoka katikati ya Bujumbura kwenda Gihosha, barabara inapanda. Pikapu ikipakiwa mifuko 20 ya saruji, yaani tani moja, mlima huo humwambia dereva ukweli wote kuhusu injini yake. Gari lililokuwa likipanda kwa gia ya tatu likianza kuomba ya pili, dereva hufikiria mafuta, pampu au plagi. Ni wachache wanaoinama kutazama bomba la moshi walilofungiwa mwezi uliopita.

Bomba la gari kuukuu lazima lioze siku moja. Kila lita ya mafuta inayochomwa kwenye injini huzaa maji yanayokaribia lita nzima, yakitoka kama mvuke. Safari zikiwa fupi, za kutoka Gihosha hadi sokoni na kurudi, bomba halipati joto la kutosha kukauka. Maji hukaa ndani ya sailensa na kuila taratibu. Ndipo mwenye gari hujikuta akitafuta bomba jingine, na hapo ndipo nguvu za gari hupatikana au hupotea.

Soko lenyewe

Kwa wakazi wengi wa Bujumbura, safari ya kutafuta spea huishia Buyenzi, mtaa wa Waswahili wenye gereji nyingi. Mabomba hupatikana kwa njia nne. La kwanza ni orijino jipya, la kuagiza, ambalo bei yake huwashinda wengi. La pili ni la mtumba, lililofunguliwa kwenye gari lililochinjwa Japani au Ghuba, ambako Sharjah ni soko kubwa la spea za namna hiyo. La tatu ni jipya la kuiga, linalotoka viwanda vya Asia. La nne ni la kuchomelewa papo hapo na fundi, kwa bomba la chuma lililokatwa dukani.

Njia hii ya nne inazidi kupata wateja, na sababu zake ni za kiuchumi. Dola ni adimu Burundi, kwa hiyo kuagiza kitu nje ni mzigo. Bidhaa zinazopitia bandari ya Dar es Salaam husafiri zaidi ya kilomita 1,500 kabla ya kufika Bujumbura. Januari 2024 Burundi ilifunga mpaka wake na Rwanda, na njia ya Mombasa na Kampala kupitia Kigali ikakatika. Fundi mwenye mashine ya kuchomea amekuwa ndiye kiwanda cha karibu. Kazi yake inastahili heshima, na pia inastahili kukaguliwa.

Ukaguzi una maana zaidi katika nchi ambayo imeonja uhaba wa mafuta na foleni za vituoni. Injini inayohangaika kutoa moshi hunywa zaidi ili ifanye kazi ileile. Bomba baya ni hasara inayolipwa kila siku, ingawa risiti yake ililipwa mara moja.

Upana si kila kitu

Gereji nyingi zina msemo kwamba injini inahitaji kuzuiwa kidogo ili ivute vizuri. Msemo huo umekosea sababu, ingawa una chembe ya ukweli. Injini haifaidiki kwa kuzibwa. Inachohitaji ni moshi utoke kwa kasi. Moshi unaokimbia huacha nyuma yake mvuto, na mvuto huo husaidia kusafisha silinda kabla hewa mpya haijaingia. Bomba likiwa pana kupita kiasi, moshi hupoa, hulegea, na mvuto hupotea. Injini ndogo huonyesha hasara hiyo kwenye mizunguko ya chini, pale hasa pikapu yenye mzigo inapohitaji kung'oka.

Hesabu yenyewe inashangaza. Bomba la inchi 3 lina nafasi mara mbili na robo ya bomba la inchi 2. Anayeongeza inchi moja tu kwa macho, kwa moshi ameongeza zaidi ya maradufu.

Kwa hiyo swali la kwanza ni injini gani iko chini ya boneti. Hilux za zamani zenye dizeli za 2L, 3L na 5L hazina turbo. Kwa hizo, inchi 2 hadi 2 na robo zinatosha. Hilux zilizokuja baadaye na injini za D-4D, za lita 2.5 na 3.0, zina turbo, na mambo hubadilika. Turbo huzungushwa na tofauti ya msukumo kati ya mbele yake na nyuma yake. Nyuma kukiwa wazi, huamka mapema. Hapo inchi 2 na nusu, hata 3, zina faida. Lakini kiasi cha mafuta na msukumo wa turbo hupangwa na kompyuta ya gari, hivyo bomba peke yake haliongezi nguvu nyingi. Anayeahidiwa gari jipya kwa kubadilishiwa bomba asiamini.

Mwinuko nao una lake. Ziwa Tanganyika liko mita 774 juu ya bahari, na Bugarama, kilomita zipatazo 35 tu kutoka mjini, iko juu ya mita 2,000. Katika safari hiyo moja hewa hupungua kwa zaidi ya sehemu moja ya kumi. Injini inayopanda barabara hiyo ya RN1 ikiwa tayari imepungukiwa hewa haina akiba ya kupoteza kwenye bomba.

Kona na viungo

Siri kubwa ya biashara hii iko kwenye kona. Pikapu ina ekseli na chesisi za kukwepa, kwa hiyo bomba lazima lipinde. Likikunjwa kwa nguvu bila kitu ndani, ukuta wa ndani hunywea na njia inakuwa bapa. Njia ikibanwa hadi ilingane na bomba la kipenyo pungufu kwa robo, karibu nusu ya nafasi ya moshi imepotea. Mteja amelipia inchi 2 na kupewa inchi moja na nusu.

Fundi mzuri hujulikana hapo. Huziba mdomo mmoja wa bomba, hujaza mchanga mkavu, hugongagonga hadi ushikamane, kisha huziba mdomo wa pili. Hupasha moto mahali pa kukunja mpaka chuma kiwe chekundu, na kulipinda polepole. Mchanga huuzuia ukuta usinywee. Mchanga ukiwa mbichi ni hatari, kwa sababu mvuke wake unaweza kufyatua kizibo. Kazi hiyo huchukua muda mrefu kuliko kukunja kwa mikono, na haki yake ni kulipwa zaidi.

Baada ya kona ni viungo. Ufa kwenye manifoldi, kabla ya turbo, huiibia turbo msukumo wake. Gari hutoa moshi mweusi na kupoteza nguvu. Kipimo chake hakihitaji mashine. Asubuhi injini ikiwa baridi, iwashe, mtu mmoja azibe mdomo wa bomba kwa kitambaa kinene kilicholowa kwa sekunde chache, mwingine asikilize chini ya gari. Panaposikika mlio wa hewa ndipo panapovuja. Uvujaji wa chini ya kabini haupuuzwi hata kidogo, kwa kuwa hewa ya kaboni monoksidi haina harufu na huua. Kwa sababu hiyohiyo mdomo wa bomba utokeze nje kabisa ya bodi, hasa kwa pikapu inayobeba watu nyuma.

Wengine huuza sega, kile kifaa cha kusafisha moshi ambacho madini yake ya platini, paladiamu na rodiamu huwindwa na wanunuzi. Fedha ya siku moja isikudanganye. Sega lililoziba hubana injini kweli, na dawa yake ni kulibadilisha. Lililo zima halibani injini kiasi cha kuhisiwa, bali hupunguza sumu inayovutwa na watoto wa mtaa. Vivyo hivyo kelele. Bomba linalopiga mayowe saa tisa za usiku Gihosha halijaongeza hata nguvu ya farasi mmoja.

Kabla ya bomba la zamani kufunguliwa, chagua mlima mmoja unaoujua, mzigo uleule, gia ileile, na upime muda kwa saa ya simu yako. Rudia baada ya bomba jipya kufungwa. Muda ukiongezeka, mrudishie fundi kazi yake kwa adabu umwonyeshe kona. Ukipungua au ukibaki palepale na gari likiwa kimya, mlipe kikamilifu, maana amekuuzia kitu cha kweli.